Uwezekano na Takwimu kwa Mwaka wa Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa vyuo vya Moshi na jirani zake wanaoanza kozi ya utangulizi ya uwezekano na takwimu, wawe wa ushirika, biashara, ualimu, kilimo au afya. Data za mifano ya kukokotoa tumezibuni ili hesabu ionekane vizuri. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa tumekaa zaidi pale ambapo wengi huteleza.

Sikusoma hesabu za juu kidato cha tano na sita. Nitaweza?

Utaweza, lakini usianze kwa kuchelewa. Aliyetoka tahasusi ya PCM au EGM, zenye hesabu za juu, ameshakutana na nusu ya kozi hii. Aliyetoka CBG au HGE ana ile BAM (hesabu za msingi, Basic Applied Mathematics), nayo inatosha akiifufua. Aliyetoka HKL inabidi wiki mbili za kwanza ashughulike na mambo manne: sehemu na desimali, seti (muungano, mkutano, kijalizo), alama ya jumlisho Σ, na kutoa x kwenye mlinganyo. Kama kozi yenu inagusa vigeu endelevu kwa undani, ongeza intigresheni nyepesi. Hakuna zaidi ya hapo. Anayekwama kwenye kozi hii mara nyingi hakwami kwa sababu ya hesabu, anakwama kwenye kusoma swali.

Kusoma swali kunahusianaje na hesabu?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote hapa. Mtihani umeandikwa kwa Kiingereza, wewe unafikiri kwa Kiswahili, na katikati kuna vineno vidogo vinavyobadilisha jibu zima. Kabla hujagusa kalkuleta, andika sentensi moja ya Kiswahili inayosema unatafuta nini, kisha igeuze kuwa alama.

Chukua X kuwa idadi ya vitu unavyohesabu. "Angalau mbili" ni X ≥ 2, yaani mbili imo. "Zaidi ya mbili" inaanzia tatu. "Zisizozidi mbili" ni 0, 1 na 2. "Pungufu ya mbili" ni 0 na 1 tu. Watu wanazijua tofauti hizi wakiwa sokoni, lakini wakikaa kwenye chumba cha mtihani zinawapotea.

Mfano: umepanda miche 10 ya kahawa, na kila mche una uwezekano wa 0.9 wa kushika, bila kutegemea mwingine. Uwezekano wa kushika angalau 9 ni upi? Ni ule wa 9 kujumlisha na ule wa 10:

10 × 0.9⁹ × 0.1 + 0.9¹⁰ = 0.3874 + 0.3487 = 0.7361

Aliyesoma "zaidi ya 9" atabaki na 0.3487. Kalkuleta yake haikukosea hata kidogo, ila amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Ukikutana na "angalau moja", usijumlishe kuanzia 1 hadi mwisho. Tafuta uwezekano wa kutopata hata moja, kisha toa kwenye 1.

Matukio huru na matukio yasiyotokea pamoja: si ni kitu kilekile?

Hapana, na karibu ni kinyume. Matukio yasiyotokea pamoja ni yale ambayo likija moja, jingine halina nafasi. Matukio huru ni yale ambayo kutokea kwa moja hakukupi habari yoyote kuhusu jingine. Sasa fikiri: kama mawili hayawezi kutokea pamoja, ukisikia la kwanza limetokea umeshajua kwamba la pili halikutokea. Hiyo ni habari nzito. Kwa hiyo hayawezi kuwa huru, isipokuwa mojawapo lina uwezekano wa sifuri.

Kwa namba, weka P(A) = 0.3 na P(B) = 0.4. Kama hayatokei pamoja, mkutano ni 0 na muungano ni 0.7. Kama ni huru, mkutano ni 0.3 × 0.4 = 0.12, na muungano ni 0.3 + 0.4 − 0.12 = 0.58.

Usidhani tu kwamba matukio ni huru. Mvua kubwa ya masika na gari la kutoka Rombo kuchelewa si matukio huru, na swali likikupa uwezekano wa kuchelewa siku ya mvua na wa siku kavu, linakuambia wazi usizidishe kienyeji.

Nitajuaje kama ni mpangilio au ni uteuzi?

Uliza: nikibadilishana watu wawili nafasi, jibu linabadilika? Kuchagua wajumbe watatu kati ya wanafunzi 8 ni uteuzi, njia 56. Kuchagua mwenyekiti, katibu na mhazini kati ya haohao 8 ni mpangilio, 8 × 7 × 6 = 336. Ya pili ni mara 6 ya ya kwanza, kwa kuwa kila kundi la watatu linaweza kugawana vyeo kwa njia 6.

Kanuni ya Bayes naikariri, kesho imetoka kichwani. Nifanyeje?

Acha kuikariri kwanza. Weka vitu 1,000 mezani, uvihesabu.

Tuseme kituo cha kukusanya maziwa kinapokea madumu 1,000, na 2 katika kila 100 yametiwa maji. Kipimo cha kituo kinagundua asilimia 95 ya madumu yenye maji, lakini pia kinasingizia asilimia 10 ya madumu safi. Dumu la mama mmoja limekataliwa na kipimo. Kuna uwezekano gani kwamba kweli lilitiwa maji?

Madumu yenye maji ni 20, na kipimo kinakamata 19. Madumu safi ni 980, na kipimo kinasingizia 98. Jumla ya yaliyokataliwa ni 117. Kati ya hayo, yenye maji kweli ni 19. Kwa hiyo jibu ni 19/117 = 0.162, kama 16 kwa 100. Wengi kwenye chumba cha tyutoria husema 95. Wamebadilisha swali: 95 ni uwezekano wa kukataliwa *ikijulikana kwamba* lina maji, na sisi tumeulizwa uwezekano wa kuwa na maji *ikijulikana kwamba* limekataliwa. Ukigeuza pande za sharti umepata swali jingine kabisa, na katika mfano huu kugeuza huko kunamwita mtu mwaminifu mwizi.

Ukishaelewa hesabu hiyo, rudi kwenye kanuni: juu unaweka 0.02 × 0.95, chini unaweka 0.02 × 0.95 + 0.98 × 0.10. Ni yaleyale madumu, yamegawanywa kwa 1,000.

Swali la nyongeza hupenda kuuliza: dumu hilohilo likipimwa mara ya pili na kukataliwa tena? Kama vipimo viwili ni huru, unapata 18.05 ÷ (18.05 + 9.8) = 0.648. Lakini tazama lile neno "kama". Laktometa hupima uzito wa maziwa kulinganisha na maji, na maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, yakiwa bado na joto, husomeka mepesi kuliko yaliyopoa. Dumu lililosingiziwa kwa sababu ya joto litasingiziwa tena dakika moja baadaye kwa sababu ileile. Hapo uhuru haupo, na 0.648 si jibu.

Thamani tarajiwa inanisaidia nini?

Inakuambia wastani wa matokeo ukirudia jambo mara nyingi sana. Tuseme mkeka wa kubeti una mechi 8. Kila mechi ina uwezekano wa 0.6 wa kutoka kama ulivyosema, na kampuni inakupa odi ya 1.6 kwa kila moja. Uwezekano wa mkeka mzima kutiki ni 0.6⁸ = 0.0168, chini ya 2 kwa 100. Odi zikizidishwa zinafika 42.95, ndiyo maana mkeka unavutia macho. Thamani tarajiwa kwa kila shilingi ni (0.6 × 1.6)⁸ = 0.96⁸ = 0.721. Kwa hiyo kwa kila shilingi 1,000 unayoweka, wastani wa kinachorudi ni shilingi 721. Mechi moja peke yake ingekukata 40 tu katika 1,000. Kuziunganisha nane ndiko kunakokata 279. Hesabu hii imechukulia kwamba mechi ni huru.

Na ile hoja kwamba mikeka kumi imechanika hivyo zamu yako imekaribia? Kwa matukio huru, mkeka wa kumi na moja haujui lolote kuhusu ile kumi.

Binomia au Poisson?

Binomia inadai mambo manne: idadi ya majaribio inajulikana tangu mwanzo, kila jaribio lina matokeo mawili, uwezekano haubadiliki, na majaribio ni huru. Poisson inahesabu matukio ndani ya kipimo fulani cha muda au eneo, bila idadi ya majaribio. Swali likisema "kati ya 12", fikiria binomia. Likisema "kwa saa" au "kwa hekta", fikiria Poisson.

Kosa linaloua alama kwenye Poisson ni kutobadilisha λ, yaani wastani wa matukio kwa kipimo ulichoulizwa. Kijiwe cha bodaboda kinapata wastani wa wateja 4 kwa saa. Uwezekano wa kukaa dakika 15 bila mteja? Dakika 15 ni robo saa, kwa hiyo λ = 1, na jibu ni e⁻¹ = 0.3679. Aliyeacha λ = 4 anapata 0.0183.

Kosa la binomia ni kuitumia pale unapochukua vitu bila kurudisha kutoka kwenye kundi dogo. Ukichukua mayai 5 kwenye trei la 30 lenye mabovu 4, uwezekano unabadilika kila unapochukua yai. Hapo tumia uteuzi, mgawanyo wa haipajiometri.

Poisson pia hukaribia binomia pale n ikiwa kubwa na p ikiwa ndogo, kwa λ = np. Trei la mayai 30, kila yai na uwezekano wa 0.02 wa kuwa na ufa: binomia inatoa 0.5455 kwa trei zima kuwa salama, Poisson inatoa 0.5488. Kwa n hii bado unaona tofauti kidogo.

Jedwali la Z linanichanganya. Jirani yangu ana majibu tofauti na yangu.

Huenda mnatumia majedwali mawili tofauti. Moja linatoa eneo lote chini ya kengele (mchoro wa mgawanyo wa kawaida) kuanzia kushoto kabisa hadi z; kwa z = 1.25 linasema 0.8944. Jingine linatoa eneo kuanzia katikati hadi z. Kwa z ileile linasema 0.3944. Yote mawili ni sahihi. Fungua jedwali lako utazame z = 0.00: likisema 0.5000 ni la kwanza, likisema 0.0000 ni la pili. Angalia hilo kabla ya mtihani kuanza, na jua mapema jedwali litakalogawiwa ni la aina gani.

Halafu chora kengele, kila mara. Tuseme muda wa Coaster kutoka Moshi hadi Arusha, kama kilometa 80, una wastani wa dakika 120 na mchepuko wastani wa dakika 16. Uwezekano wa kuzidi dakika 140: z = (140 − 120)/16 = 1.25. Kwenye mchoro, tia rangi upande wa kulia wa 140. Eneo hilo ni dogo, chini ya nusu. Basi jibu haliwezi kuwa 0.8944, ni 1 − 0.8944 = 0.1056. Mchoro wa sekunde kumi umekuokoa.

Tunaongeza jambo moja ambalo mtahini huwa haulizi: muda wa safari kwa kweli hauna umbo la kengele. Gari haliwezi kufika kwa dakika 40 hata barabara iwe tupu, lakini linaweza kuchukua saa nne likiharibika pale Kikatiti. Mkia wa kulia ni mrefu. Ukiandika mradi wako mwenyewe, chora histogramu kwanza.

Kugawa kwa n au kwa n − 1? Na kalkuleta inataka kitufe kipi?

Ukiwa na kundi zima, gawa kwa n. Ukiwa na sampuli na unataka kukadiria kundi zima, gawa kwa n − 1. Sababu ni hii: umepima michepuko kutoka wastani wa sampuli yenyewe, na wastani huo umekaa katikati ya data zako kuliko wastani wa kweli ulivyokaa. Michepuko inatoka midogo kuliko inavyostahili. Kugawa kwa n − 1 kunarekebisha.

Mikungu mitano ya ndizi imepimwa kwa kilo: 18, 22, 25, 19, 26. Jumla 110, wastani 22. Michepuko ni −4, 0, 3, −3, 4, mipeo yake ya pili 16, 0, 9, 9, 16, jumla 50. Kwa n: 50/5 = 10, mchepuko wastani 3.16. Kwa n − 1: 50/4 = 12.5, mchepuko wastani 3.54.

Kwenye Casio fx-82MS, ambayo wengi wanayo: bonyeza MODE kisha 2 uingie SD. Futa data za zamani kwa SHIFT, CLR, 1, kisha =. Hatua hii ya kufuta ndiyo inayosahaulika zaidi, na data za swali la 2 zinaingia kwenye swali la 3. Ingiza 18 kisha M+, 22 kisha M+, hadi mwisho. Kila mara skrini inaonyesha n. Ukimaliza, n isome 5. Halafu SHIFT, 2: namba 1 ni wastani, namba 2 ni mchepuko wa kundi zima (xσn), namba 3 ni wa sampuli (xσn−1). Kwenye modeli za ES mpangilio wa menyu ni tofauti. Alama σx ni ya kundi zima na sx ni ya sampuli. Nunua kalkuleta yako mapema na uizoee. Kuazima asubuhi ya mtihani modeli usiyoijua ni kujitafutia shida.

Wastani au mediani?

Tazama kama kuna namba zilizopitiliza. Ukiandika 62 badala ya 26 kwenye mikungu ile, wastani unaruka kutoka 22 hadi 29.2, mediani inabaki 22. Kwa mapato, bei za viwanja na muda wa kusubiri, toa mediani.

Kwa nini kila mtu anasema "sampuli iwe 30"?

Ni kanuni ya mazoea iliyotokana na nadharia ya kikomo cha kati. Nadharia inasema hivi: ukichukua sampuli nyingi zenye ukubwa uleule n, wastani wa kila sampuli ukauweka kwenye histogramu, histogramu hiyo inakaribia kengele kadiri n inavyokua, hata kama data zenyewe hazina umbo hilo, ilimradi varianzi yake (mchepuko wastani kipeo cha pili) ina kikomo. Haisemi kwamba data zako zinakuwa kengele. Ukiwahoji wakulima 5,000 kuhusu mapato, histogramu ya mapato itabaki imeinama vilevile.

Kama data zina ulinganifu mzuri, hata 10 hutosha. Kama zimeinama sana, 30 ni chache. Usiandike "n ni zaidi ya 30, kwa hiyo data ni za kawaida". Andika kwamba mgawanyo wa *wastani wa sampuli* unakaribia wa kawaida.

Lini natumia t badala ya z? Na masafa ya kuaminika ya asilimia 95 maana yake nini?

Tumia t pale ambapo hujui σ, mchepuko wastani wa kundi zima, na umeikadiria kwa s, ule wa sampuli. Kwa sampuli kubwa t na z zinakaribiana, kwa ndogo zinaachana sana. Aliyelitatua hili mwaka 1908 ni William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyekuwa na sampuli chache za kupima. Aliandika kwa jina la "Student", ndiyo maana jedwali lina jina hilo.

Rudi kwenye mikungu. n = 5, digrii za uhuru (n − 1) ni 4, t = 2.776. Kosa sanifu, yaani mchepuko wastani ukigawanywa kwa √n, ni 3.5355/√5 = 1.581. Ukingo ni 2.776 × 1.581 = 4.39. Masafa: kilo 17.61 hadi 26.39. Ungetumia 1.96 ungepata 18.90 hadi 25.10, masafa membamba yanayodai uhakika ambao mikungu mitano haiwezi kuutoa. Hapa tumechukulia uzito wa mikungu una umbo la kengele, na kwa sampuli ya tano ni lazima useme hivyo.

Kuhusu asilimia 95: wastani wa kweli wa kundi umekaa mahali pamoja, hautembei. Kinachotembea ni masafa, kwa kuwa kila sampuli inatoa yake. Ukirudia zoezi mara nyingi, kama 95 katika kila masafa 100 yatakuwa yameukamata wastani wa kweli. Si kweli kwamba asilimia 95 ya mikungu iko kati ya 17.61 na 26.39. Kosa hilo tunaliona kwenye ripoti za mafunzo kwa vitendo kila mwaka.

Thamani ya p ni nini hasa?

Ni uwezekano wa kupata data kama ulizopata, au zilizo mbali zaidi na nadharia tete sifuri (dai unaloanza nalo na kulijaribu), *ikiwa nadharia hiyo ni ya kweli*. Si uwezekano kwamba nadharia ni ya kweli. Tofauti ni ileile ya madumu ya maziwa: usigeuze pande za sharti.

Mifuko ya sukari imeandikwa kilo 50. Mnunuzi anapima mifuko 36 kwa nasibu na kupata wastani wa 49.2, σ inajulikana kuwa 2.1. Nadharia tete sifuri: μ (wastani wa kweli) = 50. Mbadala: μ < 50. Kosa sanifu ni 2.1/6 = 0.35. z = −0.8/0.35 = −2.29. Jedwali linatoa p = 0.011. Kwa kiwango cha 0.05 unaikataa nadharia tete sifuri: kuna ushahidi kwamba mifuko imepungua. Kwa kiwango cha 0.01 huikatai. Ndiyo maana kiwango unakichagua kabla ya kuona data. Ile 0.05 haikushuka mbinguni, mwanatakwimu R. A. Fisher aliizoesha watu kuanzia mwaka 1925.

Usipoikataa, usiandike "tumeikubali". Andika "hatuna ushahidi wa kutosha kuikataa". Mifuko mitatu tu isingeonyesha upungufu hata kama upo.

Na "muhimu kitakwimu" si sawa na "kubwa". Ukipima mifuko 10,000 na wastani ukawa 49.95, kosa sanifu ni 0.021, z = −2.38, na unaikataa nadharia kwa sababu ya gramu 50. Baada ya p, sema tofauti yenyewe ni kilo ngapi.

Uhusiano wa vitu viwili unathibitisha kwamba kimoja kinasababisha kingine?

Hapana. Pia kuna makosa mawili mengine. La kwanza: r, kipimo cha uhusiano kati ya −1 na 1, hupima uhusiano wa mstari ulionyooka tu. Mavuno na mvua vinaweza kuwa na r karibu na sifuri ilhali vinahusiana sana, kwa kuwa mvua kidogo inaharibu, na nyingi mno inaharibu pia. Chora nukta kabla ya kukokotoa.

La pili ni kuurefusha mstari. Tuseme data zako ni za mashamba ya kahawa kati ya mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mstari wa regresheni wa mavuno unapanda. Ukiuvuta hadi Mandara, kituo cha wapanda Mlima Kilimanjaro, mita 2,720, utakuambia kahawa inastawi huko kuliko Lyamungu kwenye mashamba ya kahawa. Huko ni msitu na baridi. Mstari hauna habari yoyote nje ya mita ulizopima.

Nina mradi wa kukusanya data. Nikisimama sokoni Mbuyuni nikahoji watu 50, si ni nasibu?

Hapana. Hiyo ni sampuli ya waliopatikana. Umewaacha walioko kazini, shambani na darasani, na pengine umewafuata wale walioonekana wakarimu. "Nasibu" katika takwimu maana yake kila mtu kwenye kundi ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa.

Anza na orodha. Kama kundi lako ni wanachama wa chama cha msingi cha ushirika, omba rejista kwa barua ya chuo. Wape namba kuanzia 1. Tumia jedwali la namba nasibu au kompyuta kuchagua namba, na usibadilishe aliyechaguliwa kwa sababu nyumba yake iko mbali bondeni. Asipopatikana, rudi mara mbili, kisha andika kwamba hakupatikana. Kama kundi lina matabaka, gawa kwa uwiano: wanachama 400, wanawake 240 na wanaume 160, sampuli ya 50 ichukue 30 na 20.

Namba za kundi zima zichukue kwenye sensa. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa mchanganuo wa mikoa na wilaya bure.

Nahitaji kompyuta?

Kwa mtihani, hapana. Kwa mradi, ndiyo. Excel ina STDEV.S kwa sampuli na STDEV.P kwa kundi zima. Programu ya R ni ya bure, na sd() yake inagawa kwa n − 1. Jaribu kwanza kwa ile mikungu mitano: ikitoa 3.54, unajua uko wapi.

Madesa ya stesheneri yanatosha?

Ni mazuri kwa mazoezi, si kwa majibu. Desa lililonakiliwa mara nyingi hupoteza alama za kutoa, vipeo na mistari ya ≤, na halisemi jedwali lipi lilitumika. Fanya swali mwenyewe, kisha linganisha. Mkitofautiana, mpeleke mhadhiri hesabu zote mbili.

Alama zinapotelea wapi kwenye mtihani, na nifanye nini wiki ya mwisho?

Soma prospektasi ya chuo chako ujue mgao wa alama. Vyuo vingi hutoa 40 kwa koswaki (kazi na testi za muhula) na 60 kwa mtihani wa mwisho. Aliyezembea kwenye testi mbili za kwanza anaingia mtihani akiwa na deni, na sapu (mitihani ya marudio) nyingi huanzia hapo.

Alama za hatua ndizo za kukimbilia. Andika X ni nini, mgawanyo gani na kwa vigezo vipi, kanuni, uingizaji wa namba, jibu, na sentensi ya mwisho yenye kipimo chake. Ukikosea kubonyeza kitufe, bado hatua nne kati ya hizo zina alama. Beba desimali nne hadi mwisho, ukikadiria 0.0168 kuwa 0.02 katikati ya kazi, umeharibu kila kinachofuata. Jibu la uwezekano likizidi 1 au likiwa hasi, rudi nyuma. Varianzi hasi vivyo hivyo.

Wiki ya mwisho chukua mitihani mitatu ya miaka iliyopita. Wa kwanza usiukokotoe kabisa: kwa kila swali andika tu ile sentensi ya Kiswahili, X, na mgawanyo. Linganisheni wawili wawili. Mkikubaliana kwenye maswali manane kati ya kumi, endeleeni na wa pili kwa kalkuleta na saa mezani. Mkikubaliana chini ya hapo, rudini kwenye mifano ya kila mada, mfano mmoja mmoja. Wa tatu uache hadi siku mbili kabla ya mtihani, ufanye peke yako, na jedwali lilelile mtakalogawiwa.